Waya wa fluksi au gesi: jinsi ya kuchagua kwa anayechomelea nyumbani

Mashine ndogo ya MIG, yaani ya kuchomelea kwa waya, ndiyo njia fupi kwa mtu anayetaka kuchomelea nyumbani bila kuifanya kazi ya kudumu. Ukibonyeza kitufe cha tochi, waya unasukumwa kutoka kwenye koili, unayeyuka, vyuma vinaungana. Ugumu uko kabla ya hapo, siku ya kununua: uchukue ya gesi, au ile inayotumia waya wa fluksi, wenye unga wa kinga ndani yake, bila mtungi?

Majibu utakayosikia yana ushabiki mwingi. Wa gesi watakwambia fluksi ni ya wasiojua kazi na mshono wake ni mchafu. Wa fluksi watakwambia mtungi ni mzigo wa bure. Kila upande una ukweli wake kidogo, lakini wote wanaanzia mahali pasipofaa. Mambo mawili huamua karibu kila kitu: utachomelea wapi, na chuma chako kina unene gani. Gharama ifuate baada ya hayo, na uzuri wa mshono uwe wa mwisho kabisa.

Kwanza, jua unachagua kati ya nini na nini

Chuma kilichoyeyuka hakipatani na hewa. Oksijeni na naitrojeni zikiingia kwenye dimbwi lile dogo la moto, mshono hutoka na vitundu na kukosa nguvu. Kila njia ya kuchomelea ina namna yake ya kuizuia hewa isifike hapo.

Waya wa gesi ni chuma kitupu kilichopakwa shaba kidogo juu. Wenyewe hauna kinga yoyote. Kinga inatoka kwenye mtungi, inapita kwenye bomba, inatokea kwenye nozeli, yaani mdomo wa tochi, na kulizunguka dimbwi. Waya wa fluksi ni mrija mwembamba wenye unga tumboni, yaani ni kama elektrodi ya kawaida ya kijiti iliyopinduliwa, ganda likaingia ndani. Unga huo ukiungua hutoa gesi inayofukuza hewa, kisha mabaki yake huelea juu ya mshono na kuganda kama gamba. Gamba hilo ndilo slagi, na lazima ulibandue.

Kuna mtego mmoja wa kuangalia kwenye lebo. Si kila waya wenye fluksi unaweza kufanya kazi bila gesi. Ulioandikwa E71T-1 unahitaji fluksi na gesi pamoja, na ni wa viwandani zaidi. Unaoutafuta wa nyumbani ni E71T-11 au E71T-GS. Kati ya hiyo miwili, herufi GS maana yake ni waya wa mshono wa tabaka moja tu. Ukitaka kupanga tabaka juu ya tabaka kwenye chuma kinene, chukua E71T-11. Upande wa gesi, waya wa kawaida wa chuma laini ni ER70S-6.

Ukitazama majina hayo utaona 7 inajirudia. Inaashiria nguvu ya kuvutwa ya pauni 70,000 kwa inchi ya mraba, karibu megapaskali 480, kwa waya wa fluksi na wa gesi vilevile. Kwa hiyo anayesema fluksi haishiki imara anasema habari ya mkono uliochomelea, si ya waya.

Hatua ya 1: Simama mahali utakapochomelea

Nenda pale pale, simama, usikilize upepo. Upepo wa takriban kilomita 8 kwa saa, ule unaotikisa majani tu na kukugusa usoni, unatosha kuipeperusha gesi kabla haijafanya kazi yake. Mshono utaufurahia unapouchora, kisha ukipoa unaukuta umejaa matundu kama sifongo. Wengi wakiona hivyo hufungua zaidi regyuleta, ile inayodhibiti gesi inayotoka kwenye mtungi. Haisaidii. Gesi ikitoka kwa kasi kubwa inaanza kuzunguka ovyo kwenye nozeli na yenyewe inavuta hewa ndani.

Kama kazi zako ni geti, uzio, trela, vitu visivyoingia ndani ya nyumba, fluksi inakufaa. Kinga yake inazaliwa hapo hapo kwenye ncha ya waya, kwa hiyo upepo wa kawaida hauiondoi. Unaweza pia kuibeba mashine peke yake hadi mwisho wa uwanja bila kuburuta mtungi nyuma yako, na hiyo si faida ndogo.

Kama unachomelea ndani, kwenye gereji au chumba cha kazi, mizani inageuka. Fluksi inatoa moshi mwingi, mzito, wa kijivu, na ule moshi ni vumbi laini la metali na kemikali za fluksi. Gesi inatoa moshi mdogo zaidi. Lakini usidhani gesi ndiyo hewa safi: kaboni dayoksaidi na arigoni zote ni nzito kuliko hewa, hutuama chini, na katika shimo au chumba kilichofungwa zinaweza kumnyima mtu oksijeni bila kumpa dalili ya harufu. Mlango uwe wazi kwa njia zote mbili. Feni nayo iwekwe ivute moshi kutoka ubavuni mwako kwenda nje. Ukiielekeza kwenye mshono umejitengenezea upepo ule ule uliokuwa unaukimbia.

Hatua ya 2: Pima unene wa chuma, usikadirie

Chukua kalipa, kile kipimio cha unene. Macho hudanganya sana kwenye paipu za mraba, kwa sababu paipu inaonekana nene huku ukuta wake ni milimita 1 tu.

Chini ya milimita 1.2, chagua gesi na waya wa milimita 0.6. Hapo ndipo zilipo bodi za magari, maboksi ya bati na fanicha nyepesi. Fluksi inaingiza joto jingi, na waya mwembamba unaopatikana kwa urahisi ni wa milimita 0.8 kwenda juu. Unaweza kuitumia kwenye bati kwa kudonyoa, nukta moja, unaacha ipoe, nukta nyingine. Lakini utakuwa unapigana na matundu siku nzima. Mtu anayenunua mashine kwa ajili ya kurekebisha bodi ya gari na akachukua fluksi pekee amechagua vibaya, na hakuna ufundi wa mkono utakaomwokoa kwa raha.

Kati ya milimita 1.5 na 5, njia zote mbili zinafanya kazi vizuri. Hapa rudi kwenye hatua ya kwanza, mahali paamue.

Juu ya hapo, mambo yanapendeza kwa sababu yanakwenda kinyume na wanavyofikiri wengi. Mashine ndogo ya nyumbani ikitumia gesi huyeyusha waya kwa mguso mfupi mfupi, makumi ya mara kwa sekunde au zaidi, na njia hiyo haina joto kubwa. Kwenye chuma cha milimita 6 inaweza kukupa mshono mzuri wa kupigiwa picha, ambao kwa kweli umelala tu juu ya chuma bila kuingia. Ukingo wake unakaa umeviringika kama tone, haukushikana na sahani. Fluksi ya mashine ile ile hupenya vizuri zaidi kwenye unene huo. Kwa hiyo kama una mashine ya ampea 130 au 140 na kazi yako ni vyuma vinene vya kubeba mzigo, usione haya kutumia fluksi.

Usafi wa chuma nao ni sehemu ya hesabu hii. Gesi inataka chuma king'ae: saga kutu, rangi na ule weusi wa kiwandani hadi uone rangi ya fedha, angalau sentimita 2 kila upande wa mshono. Fluksi inavumilia kutu nyepesi kwa sababu unga wake una viungo vya kusafisha dimbwi. Inavumilia, haipendi. Saga hata hivyo.

Chuma chenye zinki, kama mabati na paipu za maji, kina habari yake. Saga zinki yote iondoke mahali pa mshono, pande zote mbili, na ufanye kazi hiyo nje. Moshi mweupe wa zinki huleta homa na kutetemeka saa chache baadaye, wakati umeshasahau kwamba ulichomelea.

Vyuma vingine nitavipitia haraka. Alumini kwa mashine ya waya inataka arigoni safi na waya laini wa alumini, na mara nyingi tochi yenye koili yake mwenyewe kwa sababu waya ule unajikunja ndani ya bomba refu. Fluksi ya bila gesi si njia ya alumini. Chuma kisichoshika kutu nacho ni cha gesi kwa nyumbani, mchanganyiko wenye arigoni nyingi na kaboni dayoksaidi kidogo sana, asilimia 2 hivi.

Hatua ya 3: Fanya hesabu ya mwaka, si ya siku ya kununua

Siku ya kununua, fluksi inashinda bila mjadala: mashine, koili, umemaliza. Gesi inadai mtungi, regyuleta, bomba, na mahali pa kuujaza. Kama hakuna anayejaza mitungi ya kuchomelea karibu nawe, hesabu yako imeishia hapa; chukua fluksi.

Kama yupo, endelea. Mtungi wa lita 10 wenye mchanganyiko wa arigoni kwa shinikizo la baa 200 una takriban lita 2,000 za gesi. Kwa mtiririko wa lita 12 kwa dakika, hizo ni dakika 165 hivi za moto halisi. Inasikika kidogo, lakini mshono wa sentimita 10 humalizika kwa sekunde 15 hadi 25. Ukigawanya, unapata mishono kama 500 ya urefu huo. Kwa kaboni dayoksaidi, kila kilo moja ikigeuka gesi inatoa lita 540 hivi, kwa hiyo mtungi wa kilo 5 unafika lita 2,700.

Upande wa pili, waya wa fluksi ni ghali zaidi kwa kilo kuliko wa gesi, na si wote unaobaki kwenye mshono. Karibu sehemu moja kati ya tano inaishia kuwa slagi, moshi na matone. Waya wa gesi unaingia kwenye mshono karibu wote. Ongeza muda wa kubandua slagi na kusugua matone, ambao hakuna anayeuweka kwenye hesabu ingawa ndio unaochosha. Anayechomelea mara chache kwa mwaka hatauona mtungi ukilipa. Anayechomelea kila wiki, ndani ya gereji, atauona mapema.

Gesi gani? Kaboni dayoksaidi tupu ni nafuu na inapenya vizuri, ila inarusha matone mengi na moto wake una ukali. Mchanganyiko wa arigoni asilimia 75 hadi 80 na kaboni dayoksaidi iliyobaki ni mtulivu, na kwenye chuma chembamba tofauti unaisikia kwa sikio. Mimi ningechukua mchanganyiko kwa kazi za bati na paipu nyembamba, na kaboni dayoksaidi kwa kila kitu kingine. Arigoni tupu usiitumie kwenye chuma laini. Mshono unakaa mwembamba, umejikunja, na haupenyi inavyotakiwa.

Ukichukua kaboni dayoksaidi, usiuamini mshale wa shinikizo. Ndani ya mtungi iko katika hali ya kimiminika, na kwa joto la nyuzi 20 mshale utakaa karibu baa 57 iwe mtungi umejaa au umebaki robo. Ukianza kushuka, kimiminika kimeisha na kilichobaki ni gesi tu. Njia ya kujua kilichobaki ni kuupima mtungi kwenye mizani. Uweke wima pia, kimiminika kisiingie kwenye regyuleta, na uufunge kwa mnyororo ukutani au kwenye kitoroli, kwa sababu mtungi ukianguka na vali ikavunjika unaruka kama kombora.

Hatua ya 4: Fungua mlango wa mashine kabla hujalipa

Kama bajeti inaruhusu, ushauri wangu ni mmoja: nunua mashine inayokubali vyote viwili, uanze na kile unachohitaji leo. Lakini maneno yaliyoandikwa kwenye boksi hayatoshi. Fungua mlango wa ubavuni uangalie mwenyewe.

Tafuta ndani boliti mbili zenye alama + na −, ambapo nyaya za tochi na za kibano cha arthi, kile kinachobana chuma unachochomelea, zinaweza kubadilishana nafasi. Kama hazipo, mashine imefungwa upande mmoja, na nyingi za bei ya chini kabisa zimefungwa kwa fluksi. Tazama nyuma: pana kiungo cha kuingizia bomba la gesi? Angalia rola, gurudumu dogo linalosukuma waya: ina mtaro wa waya wa fluksi na wa gesi, au mmoja tu? Uliza inapokea koili ya ukubwa gani, maana ile ndogo ya kipenyo cha milimita 100 inabeba kilo 1 hivi na ile ya milimita 200 inabeba kilo 5, na koili kubwa ni nafuu zaidi kwa kilo.

Kisha soma namba ya muda wa kufanya kazi. Ikiandikwa asilimia 20 kwa ampea 130, maana yake ni dakika 2 za moto na dakika 8 za kupumzika katika kila dakika 10. Kwa kazi za nyumbani inavumilika, kwa sababu muda mwingi unapita ukipanga vyuma na kusaga. Waya mrefu mwembamba wa kuongezea umeme utakunyima ampea hizo zote. Tumia mfupi na mnene, na uukunjue wote.

Hatua ya 5: Panga mashine kulingana na waya

Hapa ndipo fluksi inapopata jina baya isilostahili. Chomoa plagi kwanza. Fungua mlango, utazame zile boliti mbili. Kwa waya wa fluksi usiotumia gesi, tochi iende kwenye hasi na kibano cha arthi kwenye chanya. Kwa waya wa gesi ni kinyume chake: tochi chanya, kibano hasi. Mtu akibadilisha koili na kusahau nyaya, fluksi hurusha matone kila upande, sauti inakuwa ya kupasuka pasuka isiyo na mpangilio, na mshono unasimama juu ya chuma kama kamba iliyotupwa mezani. Anainua volti, anashusha kasi ya waya, anabadilisha pembe, hakuna kinachobadilika. Mwisho anahukumu kwamba waya ni mbovu. Kabla ya kugusa kitufe chochote, kagua boliti.

Rola ndiyo ya pili. Waya wa fluksi una uwazi ndani, ukiubana sana unabonyea na kukwama kwenye laina, ule mrija wa ndani unaopitisha waya hadi kwenye tochi. Tumia rola yenye meno madogo na mkazo mdogo. Waya wa gesi unataka mtaro laini wa umbo la V. Kujua kama mkazo unatosha, elekeza tochi kwenye kipande cha mbao kwa pembe, kibano kikiwa mbali, ubonyeze: waya ufike kwenye mbao, ujikunje, uendelee kutoka. Ukisimama na rola zikateleza, kaza robo ya mzunguko. Ukijisokota ndani ya mashine badala ya kutoka, legeza.

Tipu ya shaba, ile ncha ya tochi waya unapotokea, ilingane na kipenyo cha waya. Urefu wa waya unaotokeza nje ya tipu unatofautiana sana, na wengi wanaohamia fluksi kutoka gesi hukosea hapa: gesi inataka milimita 6 hadi 10, fluksi inataka milimita 12 hadi 20, ili unga upate joto kabla ya kufika kwenye dimbwi. Ukiikaribia mno na fluksi, mshono unaweza kutoka na mistari kama njia za minyoo iliyopita juu yake. Kwa gesi, weka mtiririko kati ya lita 10 na 15 kwa dakika, na usikilize viungo vya bomba. Povu la sabuni litakuonyesha panapovuja.

Volti na kasi ya waya zianzie kwenye jedwali lililobandikwa ndani ya mlango. Sijui kwa nini watu hulipuuza, lipo hapo kwa ajili yao.

Hatua ya 6: Jikinge

Kioo cha helmeti kiwe namba 10 au 11. Glovu za ngozi, shati la pamba la mikono mirefu, viatu vilivyofunika. Nguo za nailoni au poliesta huyeyuka na kushika ngozi. Sogeza kila kinachoshika moto, na ukimaliza kaa nusu saa ukiangalia kama kuna kinachofuka.

Mawili yasiyo na mjadala: usichomelee tangi au pipa lililowahi kubeba mafuta, hata kama limekauka miaka. Na usisafishe chuma kwa dawa ya kusafishia breki yenye klorini kabla ya kuchomelea. Joto na mwanga wa arki, yaani moto wa umeme wa kuchomelea, vinaweza kuigeuza kuwa gesi ya fosijeni, ambayo inaua hata kwa kiasi kidogo.

Hatua ya 7: Mkono, jicho na sikio

Kanuni ya mkono ni fupi: penye slagi, vuta. Kwa fluksi, tochi ielekee nyuma kwenye mshono uliokwisha kuuchora, uinamie nyuzi 10 hadi 15, nawe uivute. Ukiisukuma, slagi inakimbia mbele ya dimbwi na kunaswa ndani. Kwa gesi unaweza kusukuma au kuvuta. Kusukuma kunakupa mshono bapa na kuona njia vizuri, kuvuta kunapenya kidogo zaidi.

Usiutazame mwanga, tazama dimbwi nyuma yake. Kwa gesi ni rahisi: duara jekundu-jeupe lenye ukingo unaong'aa, likitanuka unasogea. Kwa fluksi inachukua muda kujifunza, kwa sababu juu ya dimbwi kuna slagi iliyoyeyuka inayoelea, nyeusi kidogo na yenye kucheza cheza, na nyuma yake inaanza kuganda. Anayeanza huiona hiyo slagi akadhani ndiyo chuma, akaenda kwa kasi yake. Chuma chenyewe ni ile sehemu angavu, tulivu, iliyo mbele, chini ya waya. Ifuate hiyo.

Sikio linasaidia zaidi kwenye gesi. Mpangilio ukiwa sawa, sauti ni ya mafuta yanayokaanga, ya haraka na isiyokatika. Milipuko mikubwa yenye nafasi katikati maana yake volti iko juu au waya unakuja polepole. Ukihisi waya unakusukuma mkono, kasi ya waya imezidi.

Slagi ya fluksi ibandue ikipoa, kwa nyundo yake na brashi ya waya. Mshono ukiwa sahihi, slagi hutoka vipande virefu karibu bila kugongwa. Ikishikilia kwenye kingo tu, mara nyingi ni joto dogo au pembe ya tochi. Kama utaongeza tabaka la pili, usiache hata chembe ya slagi ya kwanza.

Koili ya fluksi iliyobaki itoe kwenye mashine, uitie kwenye mfuko unaofungika pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Mrija ule una mshono mdogo ubavuni na unga wake hunyonya maji, na waya ukishika kutu utaiharibu laina pia.

Hatua ya 8: Vunja kabla ya kuamini

Usianze na geti. Kata vipande viwili kutoka chuma kile kile utakachotumia, sentimita 5 kwa 10 hivi, uvisimamishe kwa umbo la T, uchomelee upande mmoja tu. Kama una mashine ya njia zote mbili, tengeneza cha fluksi na cha gesi kwa unene uleule. Vikipoa, bana kila kimoja kwenye jiliwa na ukipige nyundo kile kipande kilichosimama kielekee upande wa mshono, hadi kilale au kivunjike.

Kikikunjika na mshono ukabaki, mpangilio wako unafaa kwa unene huo. Uandike, volti na kasi ya waya, kwa kalamu ndani ya mlango wa mashine. Kikiachia, tazama palipoachia. Ukiona sahani ya chini bado ina alama za grainda chini ya mshono, chuma hakikuyeyuka pale: ongeza volti, punguza mwendo, au kwa chuma kinene hamia fluksi. Ukiona vitundu ndani, kwa gesi kagua mtiririko, upepo na nozeli iliyoziba matone. Kwa fluksi kagua unyevu wa waya, urefu wa kutokeza na boliti za + na −. Ukiona mstari mweusi wa kioo ndani ya mshono, hiyo ni slagi iliyonaswa: ulisukuma badala ya kuvuta, au ulikwenda polepole mno dimbwi likakupita.